Baiskeli ya Nyumbani Katika Mvua za Mwaka na Baridi ya Kipupwe

Upepo wa kusi unaposhika, na mawingu yakaanza kupanda kutoka baharini tangu alfajiri, kila nyumba ya Pwani hujua la kufanya. Mabati hukaguliwa, mifereji huzibuliwa, makaa huingizwa ndani, na nguo za watoto hutafutiwa pahali pengine pa kuanikwa. Kuna chombo kimoja ambacho aghalabu husahauliwa, nacho ndicho kinachotoka kwanza na kurudi mwisho: baiskeli. Ndiyo impelekayo baba sokoni kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo ibebayo mikate na mahamri ya mama anayeuzia maduka ya mtaani. Ndiyo impelekayo kijana shuleni asubuhi na mdogo wake chuoni jioni. Ikirudi huegemezwa ukutani ikiwa imelowa, na kesho yake hutarajiwa itoke tena kana kwamba haikunyeshewa.

Mvua za mwaka, ambazo wengine huziita masika, huanza kwetu mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, na hufikia kilele chake mwezi wa Mei. Zikipungua hufuata kipupwe cha Juni hadi Agosti. Baridi yake si ya kutetemesha mifupa, lakini ni miezi ya manyunyu ya ghafla, upepo usiotulia, na asubuhi zinazochelewa kupambazuka. Katika miezi hiyo mitano baiskeli huchakaa zaidi kuliko katika mwaka uliosalia, na mpandaji wake hukabiliwa na hatari ambazo wakati wa kaskazi hazipo. Tuangalie basi mambo mawili kwa pamoja: namna ya kukitunza chombo, na namna ya kumlinda aliyekipanda.

Chumvi, maji na chuma

Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Hayo yako kila pahali duniani. Kinachotutofautisha sisi tunaoishi Mombasa, Lamu, Malindi au Diani ni chumvi. Upepo wa kusi huchukua vumbi jembamba la maji ya bahari na kulibwaga juu ya kila kitu, hata nyumba isiyouona mchanga wa pwani. Chumvi huharakisha kutu, na zaidi ya hayo ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana baiskeli iliyopita ufuoni au iliyovushwa kivukoni Likoni siku yenye mawimbi huonekana kavu kwa macho, na ilhali viungo vyake vingali na umajimaji.

Adui wa pili ni mchanga. Matope yakirushwa na gurudumu huingia katika mnyororo na kushikana na mafuta, yakawa kama msasa unaosaga chuma kwa kila mzunguko wa pedeli. Mpandaji husikia mlio wa kusagika na kudhani kwamba baiskeli imezeeka. Haikuzeeka, inaliwa.

Dawa ya yote mawili ni rahisi, nayo ni maji baridi ya kisima au ya mfereji, kitambaa kikavu, na dakika chache kila jioni ya mvua. Baiskeli isuuzwe kwa kopo, si kwa maji yenye nguvu ya mpira wa bustani, kwa sababu maji yanayosukumwa kwa nguvu hupenya hadi kwenye gololi na kuitoa grisi iliyomo. Kisha ipanguswe na kuachwa pahali penye hewa. Kosa linalofanywa na watu wengi wenye nia njema ni kuifunika kwa turubai ikiwa bado imelowa. Unyevu hukosa pa kutokea, na kutu hupata nyumba. Afadhali baiskeli isimame chini ya paa bila kifuniko kuliko kuvikwa plastiki ikiwa na maji.

Breki: jambo la kwanza kabla ya mengine

Baiskeli nyingi za kazi katika miji na vijiji vyetu ni zile nyeusi za chuma, ambazo Wakenya wamezoea kuziita Black Mamba. Ringi zake, yaani duara la chuma linaloshika mpira, zimepakwa kromu, na breki zake huvutwa kwa fito badala ya waya. Ni baiskeli imara, hubeba mzigo, na fundi yeyote huijua. Lakini zina udhaifu mmoja ambao kila mama anayemtuma mtoto dukani anapaswa kuujua: kromu ikilowa, raba ya breki huteleza juu yake kama kidole juu ya sabuni. Umbali ambao baiskeli huhitaji ili isimame waweza kuongezeka mara kadhaa kuliko siku ya jua. Ringi za alumini, zilizoko katika baiskeli nyingi za kisasa, hushika vizuri zaidi zikilowa, lakini nazo pia hupoteza sehemu ya nguvu.

Sababu ni kwamba mizunguko ya kwanza ya gurudumu baada ya kubana breki hutumika kufuta maji tu. Baada ya maji kufutika ndipo raba huanza kushika. Kwa hiyo mpandaji wa siku ya mvua hungoja kwa namna nyingine: hubana breki mapema na kwa upole, mbali kabla ya pahali anapotaka kusimama, ili ringi ifutike, kisha huongeza nguvu polepole. Hutumia breki zote mbili kwa pamoja. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi katika barabara kavu, lakini ikibanwa kwa ghafla juu ya utelezi, gurudumu la mbele hukwama na mpandaji hulala chini kabla hajajua lililompata. Na kasi hupunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona.

Maelezo haya hayamwingii kijana kwa kuambiwa. Humwingia kwa kuona. Chora mstari uani au katika uwanja mtupu, mwache aendeshe kwa mwendo wa kawaida na asimame kuanzia pale kwenye mstari. Pima umbali kwa hatua. Kisha mwagieni magurudumu kopo la maji na mwambie arudie. Hatua zitakazoongezeka zitamfunza zaidi ya maonyo ya mwezi mzima.

Raba za breki nazo zikaguliwe kila wiki. Raba nzima huwa na mifereji midogo usoni mwake. Mifereji ikifutika, raba imekwisha. Chokoa kwa sindano au ncha ya kisu vipande vya mchanga na chuma vilivyojikita ndani yake, maana hivyo hukwaruza ringi. Hakikisha raba inagusa ringi kwa upana wake wote na haigusi mpira. Katika breki za fito, raba hubana upande wa ndani wa ringi, ule unaoelekea katikati ya gurudumu, na fundi asiyezizoea huweza kuziweka upogo. Jaribio la mwisho ni jepesi: simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa nguvu, na uisukume mbele. Gurudumu likizunguka, baiskeli hiyo haitoki siku hiyo.

Mnyororo, na mafuta yasiyofaa

Katika nyumba zetu mnyororo hupakwa chochote kilicho karibu. Wako wanaotumia mafuta ya kupikia. Hayo yakikaa juu ya chuma hugeuka kuwa ulimbo, yakashika mchanga wote wa njiani. Wako wanaotumia mafuta ya nazi, na hapa kuna jambo ambalo kila mwanamke wa Pwani analijua kutokana na chupa yake ya nywele: asubuhi za kipupwe mafuta ya nazi huganda. Yanavyoganda chupani ndivyo yanavyoganda ndani ya mnyororo. Wako tena wanaotumia mafuta machafu yaliyotolewa katika injini ya gari. Hayo yamejaa masizi na chembe za chuma, na kuyapaka ni kuupaka mnyororo uchafu mpya.

Mafuta yafaayo ni mafuta safi ya injini, au yale maalumu ya mnyororo yanayouzwa katika maduka ya vipuri. Mafuta ya cherehani, ambayo hayakosi katika nyumba ya mshonaji, yaweza kusaidia kwa dharura, ila ni mepesi na mvua moja huyaosha, kwa hiyo yatahitaji kurudiwa mara kwa mara.

Namna ya kupaka ni muhimu kama mafuta yenyewe. Kwanza futa mnyororo kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kisitoke na weusi mwingi. Ukiwa mchafu kupita kiasi, mafuta ya taa yatauosha, lakini yasiguse raba za breki wala ringi, na baadaye mnyororo uachwe ukauke kabisa kwa kuwa mafuta ya taa huondoa pia ulainisho wote. Halafu weka tone moja juu ya kila kiungo, upande wa ndani wa mnyororo, huku ukizungusha pedeli nyuma polepole. Subiri dakika 10 yapenye. Mwisho, futa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyo ndani ya viungo; yaliyo nje kazi yake ni kukusanya matope na kuchafua nguo.

Kujua kama mnyororo umekwisha, chukua utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ule wenye inchi. Anza katikati ya pini moja na uhesabu viungo 24, ukihesabu chembamba na kipana kila kimoja peke yake. Katika mnyororo mpya utakuta inchi 12 kamili. Ukikuta zimezidi kwa thumuni ya inchi, ubadilishwe, kwa kuwa mnyororo uliolegea huyala meno ya gia, na gharama ya kimoja hugeuka kuwa gharama ya vyote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Yaliyofichika

Ndani ya vituo vya magurudumu, ndani ya shingo ya usukani na pale pedeli zinapozungukia, kuna gololi zilizolala katika grisi. Maji yakiingia humo, grisi hugeuka rangi ya maziwa na gololi huanza kukwaruzana. Ishara yake ni mlio wa kuguguna, au gurudumu kucheza huku na huku unapolishika juu na kulitikisa. Mpelekee fundi baiskeli afungue, asafishe na kutia grisi mpya mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za mwaka, na zikishakwisha.

Fremu nayo huoza kutoka ndani. Maji huingia kupitia bomba la kiti na kutuama chini, karibu na pedeli. Mwombe fundi achomoe kiti, akipake grisi kigingi chake kisije kikaganda na kutu, na azibue kitundu cha kutolea maji kilicho chini ya fremu, ikiwa kipo. Ni kazi ya muda mfupi, nayo huongeza miaka ya baiskeli.

Mipira hutobolewa zaidi wakati wa mvua kuliko wakati wa jua. Maji huvisukuma vigae vya chupa na misumari hadi pembeni mwa barabara, anapopita mwendesha baiskeli, na raba iliyolowa hukatika kwa wepesi zaidi. Kila ukirudi, zungusha gurudumu na utoe vipande vilivyojidunga kabla havijafika kwenye tyubu. Ukiziba pancha, pahali penyewe pakauke kabisa, pasuguliwe kwa msasa, gundi ipakwe na kuachwa hadi isinatie kidole, ndipo kiraka kibandikwe. Kiraka kilichobandikwa juu ya unyevu kitambandua mwenyewe njiani, tena kwa kawaida usiku.

Baibui, leso na miguu ya watoto

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi kwa nyumba zetu, na ndipo panapozungumzwa kwa uchache zaidi. Vazi refu na gurudumu linalozunguka ni vitu viwili visivyopatana. Mwanamke aliyekaa upande juu ya keria, baibui lake likipeperushwa na kusi, aweza kuvutwa chini kwa nguvu ya gurudumu kabla dereva hajasikia kelele. Ncha ya mtandio iliyoachwa nyuma ni hatari kubwa zaidi kwa sababu iko shingoni. Nguo iliyolowa huongeza hatari hiyo: huwa nzito, huning'inia, na ikinasa haichomoki.

Basi kabla ya kupanda, pindo la baibui likusanywe na kushikwa mapajani au lifungwe kwa kibanio, na suruali au sketi ya ndani ivaliwe ili kusiwe na haja ya kuliachia. Ncha zote za mtandio ziingizwe ndani ya vazi. Leso ya kujifunika mvua isifungwe kiunoni ikaachwa inaning'inia. Mkoba uwe mbele, kamba zake fupi.

Wako wazazi wanaowazuia mabinti wao kupanda baiskeli kwa kuogopa vazi kunaswa. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ipo, tena ya zamani. Baiskeli za kike zilipoanza kutengenezwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, zilisukiwa nyuzi kuanzia ukingo wa madigadi ya nyuma hadi katikati ya gurudumu, kila upande, ili sketi ndefu za wakati ule zisiingie katika spoki. Uholanzi baiskeli nyingi bado zina kinga ya namna hiyo hadi leo. Kwetu hakuna haja ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Fundi atatoboa vitundu vidogo kwenye ukingo wa madigadi, na uzi mgumu wa wavu wa kuvulia utapitishwa kutoka kila kitundu hadi kwenye ekseli ukiwa umekazwa, pande zote mbili. Mvuvi yeyote ataifanya kazi hiyo kwa jioni moja. Kifuniko kizima cha mnyororo kitamaliza yaliyosalia. Binti aliyepanda baiskeli yenye wavu na kifuniko amevaa vazi lake la stara bila kulihofia, na safari ya shule iliyokuwa ya saa nzima kwa miguu hupungua sana.

Wavu huo huo huokoa miguu ya watoto. Mtoto aliyebebwa nyuma hulegeza miguu akichoka au akisinzia, na mguu ukiingia kati ya spoki na fremu, kisigino na kifundo hukatwa na kubanwa kwa mara moja. Madaktari wa watoto wanalijua jeraha hili vyema. Hupona polepole, na wakati mwingine mfupa nao huvunjika. Asibebwe mtoto juu ya keria isiyo na pa kukanyagia miguu na kinga ya spoki. Mtoto mdogo asiyeweza kujishika asibebwe kabisa wakati wa mvua, hata kama safari ni fupi.

Alfajiri zenye giza

Kuna jambo la saa ambalo wazazi wengi hawalitambui. Mwezi wa Novemba jua la Mombasa huchomoza kabla ya saa 12 asubuhi. Katika Juni na Julai huchomoza karibu saa 12 na nusu. Shule haibadilishi saa zake kwa ajili hiyo. Mtoto anayeondoka nyumbani saa 12 kamili husafiri penye mwanga mwezi wa Novemba, na katika kipupwe husafiri gizani, tena chini ya mawingu na manyunyu, pamoja na madereva wenye usingizi na vioo vilivyojaa ukungu. Jioni nako jua hutua karibu saa 12 na dakika 20, na anayechelewa kurudi kutoka chuoni baada ya Magharibi hukuta giza limeshatanda.

Katika hali hiyo baibui jeusi, baiskeli nyeusi na lami nyeusi iliyolowa huwa kitu kimoja machoni pa dereva. Taa nyeupe mbele na taa nyekundu nyuma si pambo. Taa za dainamo inayosuguliwa na mpira zina kasoro mbili: dainamo huteleza juu ya mpira uliolowa, na mwanga huzimika baiskeli inaposimama, wakati ambapo mpandaji huhitaji kuonekana zaidi. Taa ndogo za betri zitumike pamoja nayo. Jaketi ya kuakisi mwanga, kama zile wanazovaa waendeshaji wa bodaboda, yavalika juu ya baibui au kanzu bila taabu. Vipande vya kuakisi mwanga kwenye pedeli vina faida ya pekee kwa kuwa hupanda na kushuka, na jicho la dereva huvutwa na kitu kinachocheza. Madigadi ya nyuma yapakwe rangi nyeupe au kubandikwa utepe wa kuakisi.

Helmeti ivaliwe na mtu mzima na mtoto sawasawa. Haipingani na hijabu. Kinachohitajika ni ukaya mwembamba usioteleza, na nywele zifungwe chini kisogoni badala ya juu, ili kofia ikae sawa. Ikae vidole viwili tu juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya masikio, na ile ya kidevuni ikazwe kiasi cha kupitisha kidole. Helmeti iliyosukumwa nyuma kama kofia ya harusi haimlindi mtu paji la uso.

Njiani

Mvua ya kwanza baada ya siku nyingi za jua ndiyo yenye utelezi kuliko zote. Mafuta ya magari na vumbi lililokaa juu ya lami huinuka na kuwa kama ute, na huchukua muda kusombwa. Mwenye kuweza kungoja nusu saa, angoje. Vitu vingine vya kuhofiwa ni mistari ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma vya mitaro, reli, na kabro za vichochoroni zilizoota ukungu wa kijani pale jua lisipofika. Pita juu yake ukiwa umenyooka, usibane breki wala kukata kona. Reli ikatizwe kwa pembe iliyo karibu na msalaba, la sivyo gurudumu litazama ndani ya mfereji wake. Kwenye miteremko ya kivukoni shuka uikokote.

Usiingie katika dimbwi usilolijua chini yake. Mitaro mingi ya miji yetu haina vifuniko, na maji yakishafurika, barabara na mtaro huwa sura moja. Mwezi wa Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurika Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River, sote tuliona namna njia za kila siku zilivyogeuka mito. Maji yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima hata yakiwa chini ya goti, na baiskeli ubavuni huyapa pa kusukumia. Baiskeli hununuliwa nyingine. Mtoto aambiwe waziwazi kwamba akikuta maji yanapita, ruhusa anayo ya kurudi nyumbani, na hatagombezwa kwa kukosa shule. Wengi huingia majini kwa sababu wanaogopa fimbo ya kuchelewa kuliko wanavyoyaogopa maji.

Mwavuli na baiskeli havichukuani. Mwenye kushika mwavuli amebaki na mkono mmoja na breki moja, na kusi likivuma kutoka ubavuni juu ya daraja, mwavuli huwa tanga. Koti la mvua lenye kofia pana huziba masikio na kona za macho. Afadhali kofia hiyo iingie chini ya helmeti au iachwe kabisa. Mzigo nao upunguzwe. Mtungi wa lita 20 wa maji una uzito wa kilo 20; mitungi minne ni sawa na kumbeba mtu mzima, na breki zilizolowa hazitausimamisha uzito huo mteremkoni. Ni bora safari mbili.

Vitabu na juzuu za watoto visiachwe vining'inie katika mkoba wa kitambaa. Mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, uliofungwa barabara juu ya keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, huvihifadhi vyote vikavu.

Ikitokea ameanguka

Jeraha lililoingia matope lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, hata kama ni mchubuko mdogo. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati aulizwe kuhusu sindano ya pepopunda, kwa maana vijidudu vyake hukaa udongoni. Aliyegonga kichwa aangaliwe usiku kucha. Akitapika, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, au akawa mgumu kuamka, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Helmeti iliyopigwa chini kwa kishindo isivaliwe tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

Nani anayeangalia?

Katika nyumba nyingi baiskeli ni ya wote, na kwa hiyo si ya yeyote. Baba hudhani kijana ameitazama, kijana hudhani fundi ameitazama, na fundi huiona siku imevunjika. Inafaa jukumu hili lipewe jina la mtu. Kijana wa miaka 12, mvulana au msichana, aweza kulibeba vizuri akifundishwa, na mama aweza kulisimamia hata kama hapandi baiskeli mwenyewe.

Kila jioni ya mvua: kusuuza, kupangusa, kuweka palipo kavu. Kila Ijumaa alasiri au siku yoyote itakayochaguliwa: raba za breki, upepo wa mipira, mafuta ya mnyororo, taa, na nati kuanzia usukani hadi keria. Kila mwezi: kupima mnyororo, kutikisa magurudumu, kugusa kila spoki kuona iliyolegea. Mwanzoni na mwishoni mwa mvua: kwa fundi, kwa ajili ya gololi na grisi. Kazi ya kila wiki haizidi dakika 20, na bei ya jozi mbili za raba za breki haifiki hata nauli ya kwenda hospitali na kurudi.

Fundi akiipokea baiskeli, asiambiwe tu "itengeneze." Aambiwe: breki zishike zikiwa zimelowa, wavu ufungwe pande zote mbili, taa ya nyuma iwake. Na aliyemtuma aijaribu mwenyewe papo hapo kabla ya kulipa.